Kadi ya Nyama

Ijumaa ile, wazazi walipokwisha kuwachukua watoto wao, mama mmoja alibaki mlangoni mwa darasa langu. Alikuwa amemfunga binti yake mgongoni kwa kitenge, ingawa binti alikuwa na miaka mitano na miguu yake ilining'inia karibu na magoti ya mama. Nikajua kuna neno. Mtu aliyekuja kuaga tu huaga akaenda zake.

"Madame," akasema, "ile karte ya nyama, toa."

"Nitoe juu ya nini?" nikamuuliza sababu.

"Kesho bantu ba bwana yangu banakuja. Mutoto akiomba nyama mbele yabo, njo basi. Bataniua naye."

Nilikuwa nafuta meza. Nikaendelea kufuta mahali palipokuwa pasafi tayari, maana nilijua mdomo wangu hauna breki na nilitaka kwanza kuhesabu hasira zangu.

Mimi ninafundisha watoto wadogo wenye usonji kuzungumza. Darasa langu liko nyuma ya kanisa, hapa Lubumbashi, katika chumba kilichokuwa stoo ya viti. Watu wakisikia "kuzungumza" wanadhani ninawafungua watoto midomo, na wapo waliokuja kutoka mbali, hata kutoka Karavia, mtaa wa wenye fedha, na magari yao, wakasikiliza mlangoni, wakasikia kimya, wakaondoka. Wengi wa watoto wangu hawana sauti ya maneno, angalau bado. Tunaanza na picha. Ninakata maboksi ya maziwa, ninabandika picha ya maji, ya mpira, ya kitumbua, ninafunika kwa utepe wa skochi, na fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara ananishonea vile vitambaa vya kunata tunavyoviita skrach kwa sababu ya kelele zake. Kila mtoto ana daftari lake lenye kadi zake.

Kazi yenyewe inataka watu wazima wawili. Mmoja anakaa mbele ya mtoto na kitu anachokipenda, anafungua kiganja. Wa pili anakaa nyuma, bubu kabisa, anauongoza mkono wa mtoto mpaka uchukue kadi na kuiweka kwenye kile kiganja. Kadi ikitua, wa mbele anataja jina la kitu na kukitoa papo hapo. Hakuna "ngoja," hakuna "sema kwanza tafadhali," hakuna "leo hapana." Mtoto akileta picha, anapewa. Hiyo ndiyo kanuni, na mwanzoni hakuna nyingine, kwa sababu mtoto ambaye neno lake la kwanza halikumletea kitu ataliacha neno. Nani atamlaumu? Hata mimi nisingehangaika kusema na watu wasionijibu.

Huyu mama ndiye aliyekaa nyuma ya binti yake msimu mzima wa baridi, na tuligombana karibu kila siku. Badala ya kuusukuma mkono wa mtoto mbele, aliushika chini. Hakujijua kama anaushika. Alilelewa na bibi zake, huko kaskazini walikotoka wafanyakazi wengi wa reli, na kwao mtoto anayeomba kitu mbele ya watu anamwaibisha mama yake, kana kwamba nyumbani hapikwi. Kwa hiyo alikuwa amejifunza kukisia kila kitu. Mtoto kabla hajaona kiu, maji yamefika. Kabla hajalia, amebebwa. Nilimwambia, "Mama, unamupenda mpaka hana kazi ya kusema." Hakucheka. Mimi uvumilivu wangu wote ninautumia kwa watoto, na ikifika zamu ya wakubwa umekwisha.

Halafu siku moja mchana nilikuwa nakula bukari, ugali wetu, na vipande vya nyama ya kukaanga, mgongo kwa ukuta, nimepumzika. Mama yake alikuwa nje anachota maji. Binti alikuwa chini kwenye mkeka akizungusha kizibo cha soda. Akaacha kizibo. Akaenda kwenye daftari lake, akabandua kadi, skrach, akavuka chumba kizima, akafungua vidole vyangu yeye mwenyewe na kuweka kadi ndani. Nyama. Hakuna aliyekuwa nyuma yake. Nilisema "nyama" kwa sauti iliyopasuka, nikampa nyama yangu yote, nikala bukari kavu huku machozi yakiingia kwenye sahani. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza duniani. Sasa mama yake alisimama mlangoni ananiambia nilitoe.

Sikuwa mgeni wa hofu yake. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa migodi upande wa Kinsevere, anarudi nyumbani Jumamosi kwa Jumamosi. Mama huyu aliwahi kuniambia kwamba binti alikuwa akimngoja nyuma ya geti, na yeye, kabla ya kusalimia mtu yeyote, alimnyanyua na kuvuma kama injini kwenye shingo yake mpaka mtoto acheke. Mwaka uliopita homa ilimshika mume huyo Jumatatu, na kabla wiki haijaisha wakamzika. Matanga yalipovunjwa, maneno yakaanza. Dada yake marehemu, shangazi wa mtoto, alikuwa anasali katika chumba kimoja cha maombi, na mhubiri wake akamwambia kwamba aliyemla kaka yake yumo ndani ya nyumba ile ile, na hasemi.

Kwetu tunajua maneno ya namna hiyo yanaelekea wapi. Mtoto asiyesema, asiyesalimia, anayecheka peke yake akitazama vumbi kwenye mwanga wa dirisha, watu wanamwita mulozi, mchawi. Na mulozi anakula watu. Sasa mtoto huyo asimame mbele ya ukoo uliofiwa na aombe nyama!

Shangazi alitaka kumchukua akafungiwe katika kile chumba, anyimwe chakula na maji mpaka aungame. Aungame, mtoto ambaye maneno yake yote yalitosha kwenye kurasa mbili za daftari. Niliwahi kuwa na mwanafunzi aliyepelekwa mahali kama hapo. Aliporudi aliweka mikono yake nyuma ya mgongo, na mpaka familia yake inahama mji sikuweza kuirudisha mbele.

Mwenye kuamua alikuwa babu, baba wa marehemu, mstaafu wa reli, aliyekuwa amefika toka Kamina kwa ajili ya kikao cha ukoo tu. Kesho, Jumamosi, angesikiliza, angeangalia, angesema. Akisema mtoto aende, mtoto angeenda jioni hiyo hiyo.

"Siitoe," nikamwambia mama. "Karte ile ni neno lake. Nikiitoa, nimemukata ulimi."

Akanitazama, na mara moja ile aibu yote aliyokuwa nayo mbele yangu ikamtoka. "We hautalala kule kwangu, Madame. Mi njo nitalala kule."

Nikasema nitakuja. Nikasema tutaonyesha kitumbua, mtoto anakipenda, ataomba kitumbua, babu ataona kwamba ana akili, na kadi ya nyama itabaki ukurasa wa pili hakuna atakayeiona. Niliyasema haya kwa uhakika wa mwalimu, na nilipofika nyumbani nikamgombeza kila mtu kuhusu vyombo.

Jumamosi mbabula mbili, majiko ya makaa, zilikuwa zinawaka uani kwao nilipofika, na kuku wawili walikuwa tayari kwenye sufuria. Walinikaribisha sebuleni. Kwenye bufe, lile kabati la vyombo, kati ya maua ya plastiki, ilisimama picha ya marehemu katika fremu ndogo, anacheka, kofia ya kazi imeinama upande. Mama alikuwa anaifuta vumbi kila asubuhi. Binti hakuwahi kuonekana kuijali; alikuwa chini ya meza na kizibo chake.

Babu aliketi kwenye kiti kikubwa, amevaa koti zito ingawa kulikuwa na joto, miguu pamoja, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja treni ambayo anajua saa yake. Alinisalimia vizuri, akaniuliza kwetu ni wapi, wazazi wangu wako hai. Shangazi aliketi karibu naye, na kitenge kipya kilichokunjwa kilikuwa mapajani mwake. Nilijua kazi ya kile kitenge. Kilikuwa cha kumfungia mtoto mgongoni aondoke naye. Nilitaka kumchukia, na ningemchukia vizuri zaidi kama macho yake yasingekuwa mekundu. Ndiye aliyemlea marehemu baada ya mama yao kufa. Mwaka mzima ulikuwa umepita na alikuwa bado analia.

Mama wa mtoto alipiga magoti karibu na mlango. Mkwe hasemi mbele ya baba mkwe ila akiulizwa, wala hali chakula mbele yake. Kwa hiyo nilijua kwamba katika chumba kile msemaji wa mtoto ni mimi peke yangu, mgeni, na sikupenda hata kidogo.

Sala ikasaliwa. Babu akasema, "Madame, banasema iko unafundisha huyu mutoto kusema. Tuonyeshe."

Nikamtoa binti chini ya meza. Nikaketi mkekani, nikafungua daftari kwenye ukurasa wa kwanza, nikaweka kitumbua mahali anapokiona, nikafungua kiganja. Binti akakitazama kitumbua. Akatazama dirisha. Akaanza kupepesa vidole mbele ya mwanga.

Nilingoja. Kungoja ndiyo kazi yangu, na sijawahi kungoja vibaya namna ile. Jasho lilinitiririka mgongoni.

"Vraiment, kweli," shangazi akasema taratibu, "hii njo kusema?"

"Mumupatie wakati," nikasema.

"Tulimupatia miaka tano."

Babu akainua mkono. Akasema tule kwanza, mtoto labda anaogopa watu. Nilimshukuru moyoni, maskini mimi, kwa sababu wakaleta bukari, wakaleta sombe ya majani ya muhogo, na mbele ya babu wakaweka sahani ya kuku, na juu kabisa firigisi, sehemu ya mkubwa wa nyumba ambayo hakuna mwingine anayeigusa. Harufu ikajaa sebuleni. Niliona pua ya binti ikisimama. Nilijua kabla hajainuka.

Skrach.

Alifunua ukurasa wa pili mwenyewe. Alitembea kati ya miguu ya watu, akapita mbele yangu, akapita mbele ya mama yake, akafika kwa babu. Mkono wa mzee ulikuwa umelala wazi juu ya goti. Akaweka kadi ndani yake, akasimama, akangoja kama tulivyomfundisha.

Mzee akaigeuza kadi kwenye mwanga. "Hii ni nini?"

Ningeweza kusema uongo. Lakini picha ilikuwa wazi, kipande cha nyama, nilikuwa nimekibandika vizuri mno.

"Nyama, Papa," nikasema. "Anasema, nipatie nyama."

Shangazi akasimama, kitenge kikaanguka. "Munaona? Munaona! Mbele yetu! Haogope ata! Alikula ndugu yangu na bado iko anaomba nyama!"

Mwanamume mmoja wa ukoo mlangoni akafanya ishara ya msalaba. Mama alikuwa ameinama mpaka paji la uso linagusa sakafu. Na mimi nikasema jambo ambalo halisemwi kwa mzee nyumbani kwa mtoto wake, mbele ya watu wake, na mwanamke tena ambaye si wa ukoo. "Papa, umupatie."

Hakunitazama. Akaiweka kadi kifudifudi kando ya sahani, akaisukuma sahani mbali. Hakumpa.

Binti alingoja kidogo. Kisha akaelewa kwamba neno halikufanya kazi. Akaanza kupiga kelele, ile kelele nyembamba inayoingia kwenye meno, na kujipiga kichwa kwa ngumi. Nikamkimbilia. Shangazi alifika kabla yangu, akamshika chini ya makwapa, anamvuta kuelekea kile kitenge, anasema basi, imeisha, leo anaenda. Nilimshika mkono shangazi. Sijivunii, nilimshika mpaka kucha zangu zikaacha alama. Tukavutana juu ya mtoto, watu wazima wawili, na babu akasema "Mumuache" kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika kupita injini. Tukamwacha.

Binti akasimama katikati ya chumba, anahema, kamasi mdomoni. Akatazama daftari lake chini, hakulishika. Nikafikiri, basi, mikono yake sasa itaenda nyuma. Nikaona kabisa mikono ile nyuma ya mgongo.

Akaenda kwenye bufe. Akasimama kwa ncha za vidole, akasukuma maua, akaichukua ile picha. Mtu mmoja akasema "Eh!" lakini hakuna aliyesogea. Aliibeba kwa mikono miwili, fremu imemkaa kifuani, akavuka tena kati ya miguu ya watu. Mkono wa mzee ulikuwa umerudi juu ya goti, wazi. Akaweka picha ndani yake.

Kisha akangoja.

Makaa yalikuwa yanapasuka uani. Mzee alimtazama mwanawe anayecheka chini ya kofia ya kazi, akamtazama mtoto, na mtoto hakuwa anamtazama usoni, alikuwa anautazama mkono wake, mahali ambapo vitu hutoka.

"Sasa anasema nini?" akauliza. Aliniuliza mimi, mwenye mdomo usio na breki.

Aliyejibu ni mama. Alijibu toka sakafuni, bila kuulizwa, mbele ya baba mkwe. "Anamuomba baba yake, Papa. Leo ni Samedi, siku yake ya kurudia."

Nimefundisha kanuni ile kwa wazazi wengi. Mtoto akileta picha, anapewa, papo hapo, bila sharti. Nilikuwa na majibu kwa kila swali lao: kama kitu hakipo karibu, usiweke kadi yake, kama ni ghali, kata vipande vidogo. Na sasa mtoto alikuwa ametengeneza kadi yake mwenyewe, anangoja kwa adabu zote nilizomfundisha, na chumba kizima cha wakubwa, wenye sala zao na mimi mwenye mbinu zangu, hakuna aliyekuwa na cha kumwekea mkononi.

Mzee akamgeukia binti yake, shangazi, aliyekuwa bado amesimama na kitenge chini ya miguu.

"Mwana wangu," akasema, "kama njo ye alimukula, juu ya nini anatuomba shiye tumupatie baba yake?"

Shangazi akaketi chini pale pale, juu ya kitenge, akajifunika uso, na akalia kwa sauti ambayo nadhani alikuwa ameizuia tangu siku ya mazishi, maana alikuwa ameshughulika sana kutafuta mwenye kosa.

Binti alikuwa bado anangoja. Akaisukuma picha kidogo kwenye kiganja cha babu, jinsi anavyofanya nikichelewa. Mzee akainama na lile koti lake zito mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Mi pia, kaku," akamwambia. "Mi pia minamuomba."

Akamwita kaku, jina ambalo kwetu babu na mjukuu wanaitana, na hakuwa amemwita hivyo tangu afike. Kisha akaivuta sahani, akachukua firigisi, akaiweka mkononi mwa mtoto. Haikuwa alichokiomba mara hiyo. Mtoto akaipokea, akaitafuna kwa muda mrefu, akairudisha kwenye sahani kwa sababu ilikuwa ngumu, na mzee akaila mwenyewe.

Hakukuwa na tangazo lolote. Tulikula. Nilipoaga, kile kitenge kilikuwa kimekunjwa juu ya kiti, na mama alikuwa anamwogesha binti uani.

Jumatatu alikuja darasani kama kawaida, mgongoni kwa mama. Nilikaa mkekani mbele yake, mama akakaa nyuma, mikono yake safari hii imelegea. Kabla ya siku ile nilikuwa nafungua kiganja bila kufikiri, kama unavyofungua dirisha. Nilikifungua, na niliogopa atakachoweka.

Skrach. Kitumbua.

Nikampa haraka sana, vyote viwili nilivyokuwa navyo.